Kwa nini daktari wa mkoa anaitwa mganga? Maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu maneno ya tiba

Maswali haya yanaulizwa hapa Kigoma karibu kila siku: Mwanga sokoni, Ujiji barazani, Kasulu, Kibondo, na kwa wanafunzi wa sekondari walioambiwa waandike insha. Mengi yanazunguka neno moja, mganga, na jamaa zake: dawa, tiba, daktari, tabibu, chanjo. Nayajibu kwa sababu naamini mtu akijua neno limetoka wapi, halimtishi wala halimdanganyi.

Neno "mganga" lina maana gani hasa?

Mganga ni mtu anayeganga. Kitenzi ni kuganga, na maana yake ya zamani ni ya kazi ya mikono: kukizungushia kitu kilichovunjika kamba au kitambaa na kukikaza mpaka kishikane tena. Kasia lililopasuka hugangwa. Mguu uliovunjika hugangwa kwa vijiti. Kamusi za zamani, ikiwemo ile ya Frederick Johnson ya mwaka 1939, zinaziweka maana hizo mbili pamoja: kufunga kilichovunjika, na kuponya anayeugua.

Siku hizi ni nadra kusikia mtu akisema "nenda ukagangwe". Kitenzi kimejificha ndani ya methali: Yaliyopita si ndwele, tugange yajayo. Ndwele ni ugonjwa. Anayeitamka methali hiyo kwenye kikao cha kupatanisha ndugu anasema, kwa maneno ya tiba, kwamba ya jana hayana dawa tena, tutibu yanayokuja. Kimejificha pia katika kuganga njaa, yaani kufanya kibarua cha kutuliza tumbo la leo tu.

Ukiangalia vizuri, hakuna jini wala hirizi katika mzizi wa neno hili. Kuna mtu aliyeumia, na kuna mwingine anayemshikilia mpaka apone.

Ni neno la Kiarabu au la Kibantu?

La Kibantu, na ni la kale mno. Wataalamu wa historia ya lugha wanaliweka katika msamiati wa Kibantu wa mwanzo, na ndiyo maana linapatikana kuanzia misitu ya Kongo hadi nyanda za Zimbabwe. Washona wanasema n'anga, Wachewa wanasema sing'anga, Wakongo wanasema nganga. Huko Kongo, tangu wamisionari wa Kireno walipoingia mwishoni mwa karne ya 15, padri naye aliitwa nganga. Kila watu walilichukua neno wakalipa yule waliyemwamini kwa uponyaji.

Sisi wa Kigoma tuna bahati ya kulisikia kutoka pande mbili. Nenda bandari ndogo ya Kibirizi siku boti za Kongo zinapoingia. Mgeni kutoka Uvira au Kalemie akiugua atauliza munganga yuko wapi, na anamtafuta daktari wa hospitali, hana mwingine akilini. Geuka kaskazini: Mrundi akisema umuganga, naye anamaanisha daktari wa hospitali. Kwa hiyo mkimbizi aliyefika Nyarugusu au Nduta bila Kiswahili hata kidogo, akiita neno hilo mlangoni mwa zahanati ya kambi, anaeleweka bila mkalimani.

Ukishuka mashariki, Tabora, mambo yanabadilika. Kwa Wanyamwezi na Wasukuma mtaalamu wa tiba za jadi ni mfumu, au nfumu kwa matamshi ya wengine. Kirundi nacho kina umupfumu kwa mpiga ramli, na humtenganisha kabisa na umuganga. Naona Warundi wametuzidi hapo: wana maneno mawili kwa watu wawili. Sisi tumewarundika wote katika neno moja, kisha tunashangaa tunapochanganyikiwa.

Basi kwa nini Serikali inamwita daktari "Mganga Mkuu wa Mkoa"? Si angeitwa Daktari Mkuu?

Hili ndilo swali linaloulizwa kuliko yote, na wanaouliza huwa na wasiwasi wa kweli. Kijana anaona barua yenye muhuri wa Mganga Mkuu wa Wilaya, halafu ukutani nje ya ofisi hiyo hiyo kuna karatasi ya mganga wa mvuto wa mapenzi. Anajiuliza kama ni kazi moja.

Si kazi moja. Katika muundo wa Serikali, Mganga Mkuu wa Serikali ndiye mshauri wa juu wa taifa katika mambo ya tiba. Chini yake kuna Mganga Mkuu wa Mkoa na Mganga Mkuu wa Wilaya. Hawa ni madaktari waliosomea udaktari, na ndio wanaosimamia hospitali, vituo vya afya na zahanati za eneo lao. Kipindupindu kilipolipuka mwaka 2015 katika kijiji cha Kagunga, pale maelfu ya Warundi waliokimbia nchi yao walipobanana ufukweni wakisubiri meli ya MV Liemba iwalete Kigoma mjini, waliobeba mzigo wa kutibu na kuzuia ugonjwa usisambae walikuwa watumishi walio chini ya vyeo hivi.

Sababu ya kutumia neno hili naiona rahisi. Daktari ni jina la elimu: linasema mtu amesoma nini. Mganga, kwa maana yake ya asili, ni jina la kazi: linasema mtu anafanya nini kwa wagonjwa. Cheo cha Serikali kinataja kazi. Naunga mkono kwa moyo wote kuendelea kukitumia. Tukimwondolea daktari neno mganga, tutakuwa tumewaachia wapiga ramli peke yao neno ambalo mababu walimpa mwenye kuponya.

Na "Mganga Mfawidhi" ni nani? Mfawidhi maana yake nini?

Ni msimamizi wa kituo. Mfawidhi linatokana na Kiarabu, kwenye neno la kukabidhi mamlaka, kwa hiyo ni mtu aliyekabidhiwa madaraka mahali fulani. Mahakamani utamkuta Hakimu Mfawidhi, kwa maana hiyo hiyo. Hospitali ya Rufaa ya Mkoa ya Maweni ina Mganga Mfawidhi, na zahanati ya kijijini yenye vyumba vichache nayo ina wake. Wa Maweni ni daktari. Wa zahanati mara nyingi ni tabibu.

Tabibu na daktari wana tofauti gani?

Kwa lugha ya kawaida hawana. Tabibu ni Kiarabu, jamaa wa neno tiba, na washairi wa Kiswahili wamelitumia tangu zamani, hasa wakiomba tabibu wa moyo. Ila katika ajira ya afya Tanzania kila jina lina ngazi yake: tabibu msaidizi, tabibu, daktari msaidizi, daktari, daktari bingwa. Tabibu amesomea stashahada. Daktari amesoma chuo kikuu miaka mitano, akaongeza mwaka mmoja wa kufanya kazi hospitalini chini ya uangalizi kabla ya kusajiliwa.

Nawaomba wasomaji wasimdharau tabibu wala msaidizi wake. Katika vijiji vingi vya Uvinza na Kakonko ndiye wa kwanza kuugusa mkono wa mgonjwa, na ndiye anayeamua saa nane usiku kama mama huyu apandishwe gari la wagonjwa au la.

Neno "daktari" lilianzia wapi?

Tumelipata kutoka Kiingereza, na Kiingereza kililitoa Kilatini, ambako kitenzi chake kinamaanisha kufundisha. Daktari wa mwanzo alikuwa mwalimu. Ndiyo maana hata leo aliyesoma historia au sheria mpaka shahada ya uzamivu huitwa daktari ingawa hajawahi kushika sindano.

Kuna mtu wa ziwa letu aliyekuwa vyote viwili, mwalimu na mganga: Adrien Atiman. Alizaliwa karibu na Timbuktu, katika nchi tunayoiita leo Mali, akatekwa utotoni na kuuzwa utumwani. Wamisionari wa Afrika, wale Mapadri Weupe, walimkomboa huko Algeria, wakampeleka Malta kusomea udaktari. Mwaka 1889 alifika Karema, ufukweni mwa Ziwa Tanganyika upande wa kusini, katika mkoa unaoitwa sasa Katavi. Akakaa hapo akitibu watu na kufundisha dini mpaka alipofariki mwaka 1956. Hesabu mwenyewe: ni miaka zaidi ya sitini mahali pamoja, na wagonjwa wa ukoo mmoja kizazi baada ya kizazi. Watoto wetu wanamjua Livingstone kwa sababu ana jumba la makumbusho Ujiji. Atiman naye astahili kutajwa darasani.

Na "dawa"? Hilo nalo ni la wageni?

Asili yake ni Kiarabu, kama tiba na afya. Lakini limekaa nasi kiasi cha kuzaa maana ambazo Mwarabu hatazitambua. Dawa ya meno, dawa ya viatu, dawa ya mbu. Dawa ya deni kulipa. Mtu akikuambia "dawa yako iko jikoni", usisubiri kikombe, amekukasirikia.

Kabla ya dawa, au kando yake, watu wa bara walikuwa na neno lao. Kirundi, ndugu wa karibu wa Kiha, kinaiita dawa umuti, na ni neno lile lile la mti. Lugha nyingi za Kibantu zinafanya hivyo. Wasukuma wana bugota. Kiswahili kimebakiza kumbukumbu hiyo katika miti shamba, na katika jina la mwarobaini, mti unaosifiwa kutibu maradhi arobaini. Hiyo arobaini ni sifa tu, msiihesabu. Hakuna mti wala kidonge kinachotibu maradhi arobaini, na anayewauzia kitu kwa ahadi hiyo mkimbieni.

"Muuguzi" linatokana na nini?

Kuugua ni kuumwa. Kumuuguza mtu ni kumtunza akiwa anaumwa. Anayefanya hivyo ni muuguzi. Bibi aliyekesha na mjukuu mwenye homa ameuguza, na nesi wa wodini anauguza. Kazi ni ile ile, tofauti ni mafunzo.

Kwa nini chanjo inaitwa chanjo wakati mengine ni matone tu?

Kuchanja ni kukata au kupasua: tunachanja kuni, na zamani watu walichanjwa chale mwilini ili dawa ipakwe penye mkato. Chanjo ya ndui ilipokuja nayo ilitiwa kwa kukwaruza ngozi. Watu wakaona ni kitendo wanachokijua, wakakipa jina walilokuwa nalo. Wazee wengi bado wana lile kovu la ndui begani.

Wazungu wao jina lao walilitoa kwenye ng'ombe. Mwaka 1796 huko Uingereza, daktari Edward Jenner alichukua majimaji ya ndui ya ng'ombe kwenye mkono wa mkamua maziwa, akayatia kwenye mkono wa mtoto wa miaka minane aliyeitwa James Phipps. Baadaye alipomtia ndui ya binadamu, mtoto hakuugua. Ng'ombe kwa Kilatini ni vacca, na jina la chanjo katika lugha nyingi za Ulaya linatokea hapo. Kazi iliyoanza na mtoto huyo ilifikia mwisho jirani yetu: mgonjwa wa mwisho duniani aliyeambukizwa ndui kwa njia ya kawaida alipatikana Somalia mwaka 1977, na mwaka 1980 ikatangazwa kwamba ndui imetokomezwa.

Jina limebaki hata pale ambapo hakuna tena kukata. Matone ya polio ni chanjo. Chanjo ya kipindupindu iliyotolewa Nyarugusu mwaka 2015 ilinywewa. Na kwa wanaouliza kama chale na chanjo ni kitu kimoja kwa kuwa maneno yanafanana: hapana. Sindano ya kliniki hutumika kwa mtu mmoja ikatupwa. Wembe unaozunguka kwa watu wengi kwa ajili ya chale unaweza kubeba virusi vya Ukimwi na homa ya ini kutoka damu ya mmoja kwenda kwa mwingine.

Degedege si kazi ya mganga wa jadi? Hata jina linaonyesha ni ndege.

Swali hili ninalijibu kirefu kwa sababu limewagharimu watu watoto.

Ni kweli jina linahusishwa na dege, ndege mkubwa au yule kipepeo mkubwa wa usiku, ambaye wazee waliamini akipita juu ya mtoto humtia mtukutiko. Kwa imani hiyo ugonjwa ukawa wa angani, na tiba yake ikatafutwa kwa anayejua mambo ya angani. Lakini mtoto anayekakamaa, anayegeuza macho, anayetetemeka mikono na miguu, mara nyingi ana malaria kali iliyofika kwenye ubongo, au homa iliyopanda sana, au homa ya uti wa mgongo, au sukari imeshuka mwilini. Kigoma imekuwa kwa miaka mingi miongoni mwa mikoa yenye malaria nyingi zaidi nchini. Hapa kwetu, degedege ifikiriwe kuwa malaria mpaka kipimo kikatae.

Mlaze mtoto ubavu. Usimtie kijiko wala kidole mdomoni, usimnyweshe kitu akiwa hajitambui, usimfukize moshi. Mpeleke kwenye kituo cha afya saa hiyo hiyo. Kuna sindano ya malaria kali, na kuna dawa ya kumtia mtoto njia ya haja kubwa wakati anasubiri kufikishwa hospitali. Mama, ukiambiwa na mtu yeyote kwamba mtoto mwenye degedege akichomwa sindano atakufa, usimsikilize. Maneno hayo yalitokana na watoto waliofikishwa wakiwa wamechelewa mno, sindano ikalaumiwa kwa kazi ya malaria.

Mganga na mchawi wana tofauti gani?

Katika Kiswahili ni maadui. Mchawi anaroga, mganga anaagua. Kuwaweka kapu moja ni mazoea ya waandishi wa kigeni wa zama za ukoloni. Hata Sheria ya Uchawi, iliyotungwa chini ya Waingereza mwaka 1928 na ambayo bado ipo vitabuni, inahusu uchawi. Uganga wa kutibu ni jambo jingine.

Kinachotia doa ni ramli. Ramli ni Kiarabu, asili yake ni mchanga, kwa kuwa wapiga ramli walichora alama mchangani na kuzisoma. Mpiga ramli hakupi dawa ya tumbo. Anakupa jina la mtu: jirani yako, shangazi yako, bibi kizee mwenye macho mekundu kwa moshi wa kuni wa miaka yote. Mwenye jina hilo anaweza asiione asubuhi. Na ni uongo wa wapiga ramli, kwamba viungo vya mtu mwenye ualbino vinaleta utajiri, uliosababisha watoto kuuawa na kukatwa mikono katika mikoa ya kanda yetu na ya Ziwa. Hapa Kasulu, Kabanga ikawa mahali pa kuwahifadhi watoto wenye ualbino waliokuwa hatarini, mbali na wazazi wao. Januari 2015 Serikali ilipiga marufuku waganga wapiga ramli.

Ualbino ni hali ya kuzaliwa, ya kurithi kutoka kwa baba na mama wote wawili: mwili hautengenezi rangi ya kutosha kwenye ngozi, nywele na macho. Anachohitaji mtoto huyo ni kofia, nguo ya mikono mirefu, mafuta ya kukinga jua, na kukaa karibu na ubao darasani. Anayesema viungo vyake ni dawa ameikana kazi ya kuganga, maana anavunja palipo pazima.

Mbona mabango ya barabarani kila mji yanasema "mganga kutoka Kigoma"?

Kwa sababu umbali huuza. Kigoma iko mwisho wa reli, na kwa mtu wa pwani iko karibu na mwisho wa nchi. Mganga wa mbali hana jirani wa kumuumbua. Wengine hujiita wa Sumbawanga, wengine wa Kongo, kwa hesabu hiyo hiyo. Wengi wa wanaojitangaza kwa jina letu hawajawahi kuiona hata stesheni ya Kigoma.

Jina hili linatuudhi, nalo lina madhara. Linawafanya vijana wetu wakienda vyuoni waulizwe hirizi badala ya masomo. Kigoma ina Maweni, ina hospitali kongwe ya Kabanga, ina Heri kule Buhigwe, na ina waunga mifupa wazee wanaojua kazi yao na wasiobandika tangazo kwenye nguzo ya umeme. Hao nao ni watu wa Kigoma.

Sheria inamtambua mganga wa tiba asili?

Inamtambua. Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala, namba 23 ya mwaka 2002, iliunda Baraza linalosajili watoa tiba na vituo vyao. Katika halmashauri kuna mratibu wa tiba asili, na ukitaka kujua kama mtu amesajiliwa, anzia kwake. Madaktari wana baraza lao, Baraza la Madaktari Tanganyika. Cheti cha moja hakimpi mtu mamlaka ya jingine.

Kutumia miti shamba ni kuikataa hospitali?

Hapana, na historia inaonyesha hivyo. Kwinini, dawa ya zamani ya malaria, ilitoka kwenye ganda la mti wa milima ya Andes, Amerika Kusini. Mwaka 1820 wakemia wawili wa Ufaransa, Pelletier na Caventou, waliweza kuitenga kiini chake. Dawa mseto ya malaria tunayopewa zahanati leo ina kiambato kilichotokana na mmea wa Kichina, na mwanasayansi Tu Youyou, aliyeanzia utafiti wake kwenye maandishi ya kale ya tiba ya kwao, alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2015. Muhimbili nayo imekuwa ikichunguza tiba asili za Tanzania tangu miaka ya 1970.

Tofauti iko kwenye kipimo. Majani yaliyochemshwa hayakuambii yamebeba dawa kiasi gani. Sufuria ya leo inaweza kuwa nyepesi, ya kesho ikawa sumu. Dawa kidogo isiyoua vimelea vyote huvipa malaria nafasi ya kujifunza kuikwepa.

Daktari bila dawa naye hafiki mbali, na Ujiji inalijua hilo. David Livingstone alikuwa daktari aliyehitimu Glasgow. Januari 1867 wapagazi waliomkimbia waliondoka na sanduku lake la dawa. Alipofika Ujiji mwaka 1869 alikuwa mgonjwa hoi, akakuta mizigo aliyotumiwa imeporwa na dawa zimebaki Unyanyembe, karibu na Tabora, mwendo wa siku nyingi kwa miguu. Elimu yote ilikuwa kichwani na hakuwa na cha kumeza.

Nikiwa nimetumia dawa za kienyeji, nimwambie daktari?

Mwambie, na usione haya. Methali ni ya kweli hapa: mficha maradhi, kifo humuumbua. Baadhi ya miti huchosha ini na figo, mingine hugongana na vidonge. Hatari kubwa ni mjamzito aliyepewa dawa ya kuongeza uchungu nyumbani: kizazi kinaweza kupasuka, na mkunga asipojua amekunywa nini anapoteza muda wa kumwokoa. Ukiweza, beba na chupa yenyewe au majani yenyewe.

Nawasihi pia wahudumu wenzetu wa zahanati: mgonjwa akisema ukweli huo asigombezwe mbele ya watu. Akigombezwa leo, keshokutwa atanyamaza, na atamfundisha binti yake kunyamaza.

Kuna neno moja la Kiswahili kwa mtu anayeunga mkono tiba ya hospitali?

Halipo, na sioni hasara. Watu husema "yule ni mtu wa hospitali", inatosha.

"Mganga hajigangi" maana yake nini?

Kwamba mwenye ujuzi wa kuwasaidia wengine huhitaji mwingine amsaidie yeye. Daktari akiugua hutibiwa na daktari mwenzake. Methali haimdhihaki mganga, kama wengine wanavyoitumia. Inamruhusu aombe msaada.

Kwenye bahasha ya dawa wameandika 1x3. Ni kutwa mara tatu, kwa hiyo mchana tu?

Neno kutwa linapotosha hapa, maana kwa kawaida ni mchana wote mpaka jioni. Muulize anayekupa dawa dirishani, lakini kwa dawa nyingi za kuua bakteria, 1x3 ni kidonge kimoja kila baada ya saa nane: saa kumi na mbili asubuhi, saa nane mchana, saa nne usiku. 2x2 ni vidonge viwili asubuhi na viwili jioni, saa kumi na mbili zikiwa katikati. Maliza dozi hata kama homa imekwisha siku ya pili.

Nikiingia chumba cha matibabu nimwiteje aliyekaa mezani: mganga, daktari au tabibu?

Wengi husema "daktari" au "dokta" kwa kila aliyevaa koti jeupe, na hakuna anayekasirika. Wazee wa Ujiji bado husema "shikamoo mganga" hata kwa kijana wa umri wa mjukuu wao, kwa heshima ya kazi yake, na kijana mwenye adabu hulikataa shikamoo hilo kwa upole, akaanza yeye kumwamkia mzee kabla ya kumuuliza anaumwa wapi.